Mate ya Ketill

Ketill alipoona gari la binti yake likikata kona ya bandari, alikimbilia birika, akajimiminia kahawa na kuibugia ikiwa moto hata machozi yakamtoka.

Sólrún aliingia na kichupa cha plastiki mkononi. Akakitazama kikombe. Akamtazama baba yake.

"Baba, tena?"

"Nilisahau."

"Jana ulisahau, juzi ulisahau. Nusu saa bila kula wala kunywa, halafu unatema humu mate kidogo, basi! Ng'ombe anatoa zaidi ya hayo bila kuombwa."

"Ng'ombe hanywi kahawa," alisema Ketill, akajaza kikombe kingine.

Sólrún alicheka bila sauti, kama kawaida yake, akaketi. Alifanya kazi chuo kikuu, na wiki hiyo alikuwa amerudi nyumbani kukusanya mate ya wakazi. Utafiti wao ulihusu serotonini, kemikali ya ubongo yenye mkono wake katika usingizi wa mtu, furaha yake na majonzi yake. Walitaka kujua kwa nini kuna nyumba ambazo huzuni haitoki: ni vinasaba vinavyoiongoza kemikali hiyo, au ni kitu kingine?

"Kundi moja tu ndilo limebaki na pengo," alisema. "Watu wa namna yako ni adimu, Baba. Usininyime."

Ketill akaguna. Mguno wake ulijulikana mji mzima.

Haikuwa huzuni iliyomtisha. Hiyo alikwisha kuizoea; aliishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu. Alichoogopa ni kwamba Sólrún hakuwa wa damu yake. Lovísa, mkewe, aliolewa akiwa na mimba ya baharia mmoja wa Visiwa vya Faroe, aliyeondoka na meli yake bila kujua lolote. Wakaapa kunyamaza. Lovísa alikwenda kaburini na nusu yake ya siri, akamwachia Ketill nusu ya pili. Mtoto alikuwa ameshapewa jina la baba, kama ilivyo desturi ya nchi yao: Ketilsdóttir, binti wa Ketill. Mate hayo yakifika maabara, aliwaza, jina hilo litakuwa maneno matupu, naye atabaki mzee tu mwenye birika.

Jumamosi alikwenda bwawa la kuogelea la mji. Rafiki yake Hávar alikwisha kuingia katika dimbwi la maji ya moto, theluji ikimtua kwenye upara.

"Jana binti yako katuchekesha," alisema Hávar. "Jua limerudi, bwana! Miezi miwili mlima umelificha, watu tumetoka nje na kahawa na chapati za kulipokea, tunapiga makofi. Yeye kalitazama, kasema: 'Halitakaa.'"

"Halikukaa."

"Si ndiyo hayo! Mwaka jana wewe ulisema neno hilohilo, na uso huohuo wa mtu aliyelamba siki. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Ketill alizama hadi kidevuni ili tabasamu lake lisionekane. Kisha akakumbuka, na tabasamu lenyewe likaisha.

"Anataka mate yangu," alisema. "Eti watu kama mimi ni adimu."

"Wanunaji? Adimu? Katika ghuba hii?" Hávar alicheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. "Si achote tu humu dimbwini!"

Ketill hakuona la kuchekwa. Wala hakumwona aliyekuwa akishuka ngazi nyuma yake, mpaka Sólrún alipoketi majini ubavuni pake.

"Haya, nawaachia maji yenu," Hávar alisema akitoka. "Yasije yakaganda kwa hizo nyuso."

Baba na binti wakabaki kimya. Hawakuchoshwa na kimya; walikuwa wamekizoea tangu Sólrún akiwa mdogo. Wakautazama mlima. Wakashusha pumzi, wote wawili kwa pamoja, bila kukubaliana. Ketill alikuwa ameanza kustarehe alipokiona kile kichupa, kimewekwa ukingoni kando ya taulo lake.

"Nusu saa imepita," alisema Sólrún. "Na humu hamna birika."

Ketill alihisi baridi ndani ya maji ya moto. Angeweza kutoka mbio, na kaptula yake ya kuogelea, akapotelea kwenye theluji. Alilipima jambo hilo kwa makini, kama alivyozoea kupima mambo yote, akaona goti halitakubali.

"Sólrún." Alikikazia macho kichupa. "Mate haya yatakwambia jambo. Mimi na mama yako tulipaswa kukwambia sisi wenyewe. Ukishalijua, sijui utaniita nani."

Sólrún alikichukua kichupa, akakifungua, akakiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Nitakuita Baba. Adimu kwetu ni waliolea wasiowazaa. Yule wa Faroe nilimpata kwa vinasaba vyangu, akatema yake mwaka jana. Anacheka kutwa kucha, hata akiumwa jino. Na Mama unamjua, hakununa hata siku moja. Sasa tema, Baba, nataka kujua kununa huku mimi nimekutoa wapi."