Kona Mbili za Uongo

Tšeliso alilala kifudifudi juu ya jabali, darubini jichoni, akiwasubiri waendesha baiskeli mia moja na ishirini waje wamwonyeshe aliyemsaliti.

Jua lilikuwa limeshapanda. Chini yake barabara ya changarawe ilijipinda kutoka kilima hadi kilima. Nyuma yake mkewe, 'Malineo, alikaa amejifunga blanketi, akimenya yai la kuchemsha.

"Kula kwanza, Baba Lineo. Hawatapita kabla hujameza."

"Nikigeuza macho tu, ndipo watakapopita."

Miaka saba alikuwa amevizunguka vilima hivi kwa baiskeli, akitafuta njia ambazo wageni wangezifuata kutoka mbali. Kila mteremko na kila kivuko alikiandika kwenye daftari lisilotoka nyumbani. Siku moja angeandaa mbio zake mwenyewe. Sasa kampuni moja ya mjini ilikuwa imemtangulia kuandaa mbio, vilima vile vile. Alipowapigia simu kuuliza, kijana wa upande wa pili alimjibu kwa furaha, "Usihofu, ntate, mtu wenu wa huko ametuchorea vizuri sana."

Mtu wenu wa huko.

Nakala za njia yake zilikuwa mbili tu. Moja alimpa mdogo wake, Pheello, fundi wa baiskeli. Nyingine alimpa Mwalimu Sekhonyana, rafiki yake tangu utotoni, aliyeahidi kumtafutia wafadhili. Na kwa kuwa Tšeliso alikuwa mtu wa taratibu, kila nakala aliitia kona moja ya uongo. Njia ya Pheello ilikata kushoto penye kanisa, ikateremka hadi mtoni na kupanda tena bila sababu. Ya mwalimu ilizunguka josho la kondoo, kisha ikarudi pale pale barabarani. Hakuna mwenye akili zake angepita huko, isipokuwa ameelekezwa na karatasi.

"Na ukishamjua?" 'Malineo aliuliza.

"Asikanyage kwangu tena. Hata kama tumenyonya ziwa moja."

"Pengine alikuwa na sababu yake."

"Sababu ya kumwibia mtu jasho lake?"

"Mimi sijui. Ila miaka saba, Baba Lineo! Hata kuku hulalia wiki tatu, halafu tunaona vifaranga."

Tšeliso alicheka bila kutaka. Tangu Jumatano mkewe alikuwa mchangamfu hivi, akipika pombe ya mtama kwa ajili ya kikao cha chama chao cha kuzikana. Alipomuuliza akina mama kumi na wawili watamalizaje mapipa mawili, alimjibu, "Wewe hujawaona wakiwa na huzuni."

Vumbi likaibuka nyuma ya kilima cha mbali.

Wa kwanza alivaa fulana nyekundu. Alipokaribia kanisa, Tšeliso aliibana darubini jichoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Pheello kuendesha, akimkimbilia nyuma ameshika kiti, hadi siku ile alipokiachia na mtoto akaenda bila kujua yuko peke yake.

Fulana nyekundu ikapita kanisa moja kwa moja. Na wa nyuma yake. Na kundi zima.

"Si mdogo wangu," alisema.

"Nilijua si yeye," 'Malineo akasema.

"Basi ni mwalimu."

Hilo lilimchoma zaidi ya alivyotarajia. Mwalimu Sekhonyana ndiye aliyebeba naye jeneza la mama yake, bega kwa bega, mvua ikiwanyeshea, na hakuwahi kuitaja siku hiyo kama deni. Tšeliso alifuta kioo cha darubini kwa pindo la shati, akaelekeza macho kwenye josho.

Kondoo waliinua vichwa. Baiskeli zikapita zikirusha kokoto. Hakuna hata moja iliyokata kona.

Akaishusha darubini.

"Hakuna! Mama Lineo, hakuna aliyeniuza! Wamejichorea wenyewe, hao!" Alicheka, kisha akajiona mdogo kabisa. Mwezi mzima hakuwa amempa mdogo wake salamu ya maana. "Kesho nachinja kondoo. Nawaita wote wawili, nawaomba radhi kwa jambo ambalo hata hawalijui."

Yai lilibaki mkononi mwa 'Malineo, limeng'atwa mara moja.

Mbele ya waendeshaji kulikuwa na barabara pana tu hadi darajani, ambako nakala zote mbili ziliishia. Tšeliso akainua tena darubini, safari hii kwa raha tu, kama mtu anayeangalia mbio za watu wengine.

Hatua mia kabla ya daraja, mwenye fulana nyekundu akafunga breki. Akainamia kifaa cha ramani kwenye usukani wake. Akashuka, akainua baiskeli begani, akaipenyeza kwenye mwanya wa ua wa mishubiri.

Mwanya ule ulikuwa na upana wa punda mmoja na magunia yake ya sufu. Kutoka barabarani ulionekana kama mwisho wa shamba la mtu. Tšeliso aliugundua kwa kuwafuata punda wenyewe, mwaka wa tatu, na hakuutia kwenye nakala ya Pheello wala ya mwalimu. Aliuandika mahali pamoja tu, kwenye daftari la nyumbani.

Mmoja baada ya mwingine wakapenya, wakauchukua mteremko mrefu unaoshukia kijijini kwake. Na huko chini, juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, bendera nyeupe ilikuwa inapandishwa, ile inayowaambia wapita njia kwamba hapa leo pombe imeiva, karibuni mnunue.