Dereva Ashuke Acheze

Mji ule, bibi harusi haingii mtaa wa mumewe mpaka dereva wake ashuke acheze. Mawifi walifunga njia kwa kanga, ngoma ikilia nyuma yao, gari likasimama taratibu.

“Dereva ashuke!”

“Halina dereva, mawifi zangu,” alisema Raya, bibi harusi, peke yake ndani. Kungwi wake alikataa katakata kupanda gari linalojiendesha.

“Basi rudi kwenu! Bila kucheza hatupokei mtu.”

“Na lilivyo na adabu, litangoja hapa mpaka kesho,” mmoja alicheka. “Angekuwa dereva Shomvi, keshakata kiuno tumempisha!”

Raya aliitazama hina ya miguuni, ambayo siku hiyo haikutakiwa kugusa vumbi. Akafungua mlango. Mguu mmoja ukatua mchangani. Ngoma ikasita, kisha ikadunda mara moja.