Salamu za Baba Kwanza

Umeme uliporudi asubuhi, nyumba yetu ilianza kuamka. Kama nyumba zote siku hizi, haikuruhusu chombo chochote kuwaka kabla haijamaliza kazi zilizopangwa ambazo saa zake zilipita wakati imezimika. Mashine ya Mama ya kupumulia ilikuwa nyuma kabisa kwenye foleni, na mtungi wa hewa wa akiba uliomvusha tangu juzi ulikuwa unaishia.

Nyumba ikamwagilia bustani kwanza, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Kisha ikafungulia salamu ambazo Baba alizirekodi kabla hajafa, zisikike kila alfajiri.

"Mama Tumsifu, umeamkaje?"

Salamu za juzi zilipokwisha, za jana zilikuwa zinasubiri zamu, na za leo nazo.

"Mama, nimekuomba uzifute tangu mwaka jana," nilisema. "Sema 'futa' tu, mashine yako itangulie." Nyumba ilitii sauti ya Mama mwenyewe peke yake.

"Wewe na shahada yako," alinijibu kwa shida, akitabasamu. "Baba yako hajawahi kuamka wa pili humu ndani."

"Nitamhifadhi kwenye simu yangu, Mama. Hatapotea. Tafadhali!"

Mshale wa mtungi ukagusa sifuri. Mama akanishika mkono, akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ikalitamka lile neno, lakini sauti haikutoka.

"Samahani, sijasikia," nyumba ikasema kwa upole. "Tafadhali rudia."

"Mama Tumsifu," Baba akaanza tena, "umeamkaje?"