Nondo za Ghorofa ya Watoto

Fundi Shembilu alipanda juu ya paa la zege na msumeno wake wa chuma, magoti yakimuuma. Nondo alizoziacha zimesimama miaka thelathini iliyopita bado zilikuwepo, zimeshika kutu, zikisubiri ghorofa ya watoto.

"Kata zote," Bi Mwanaheri alimwambia kutoka uani, ameegemea mkongojo. "Unitengenezee vyuma vya kushikia chooni. Juzi nimeanguka tena."

"Na mwanao Hamadi akirudi kujenga?"

"Hamadi ana miaka hamsini, mtoto mmoja, na kwake ni huko huko aliko. Ajenge amlaze nani?"

Shembilu akaanza kukata. Siku ile ya kumwaga zege, yeye alitaka kuziacha fupi. Bi Mwanaheri ndiye aliyeng'ang'ania ziwe ndefu, maana watoto wake walikuwa sita na kila mmoja angehitaji chumba.

Alikata mpaka ikabaki moja.

"Hii nikuachie ya kufungia kamba ya nguo?"

"Hata hiyo kata! Wapita njia wanadhani bado nasubiri."

Jirani, Mzee Mbaruku, akachungulia juu ya ukuta. "Fundi, ukimaliza hapo pita na kwangu."

Miaka tisa Shembilu hakuwa amejenga nyumba hata moja. Wiki hii kazi zilimzidi, zote za kukata. Akanyoosha mgongo, akatazama mapaa ya mji yaliyojaa vyuma vyekundu, mpaka macho yakafika kwenye paa lake mwenyewe, ambako nondo zilikuwa ndefu kuliko zote.