Jibu la Getini

Nikutegee, mwanangu? Nakuingiza bila neno, lakini kukutoa mpaka mtoto aseme. Umeshindwa? Ni geti la bustani za mjini siku hizi. Mtoto huulizwa aliyekuja naye ni nani wake, na mkubwa akimdokeza, mtoto habanduki pale.

Bi Siwema aliwatembeza wajukuu wake wawili katika bustani ya samaki tangu asubuhi. Waliona papa na kasa, wakala ubuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu. Jioni wakasimama getini.

"Mtoto wa kwanza, huyu ni nani wako?" geti likauliza.

"Mke mwenzangu," Zuhura akajibu akicheka, kama wanavyotaniana nyumbani juu ya babu.

Taa nyekundu ikawaka. Geti halikujua utani wa bibi na mjukuu. Mlinzi akaja akamshika Zuhura mkono. Sasa alibaki mdogo wake, Shomari, naye akikosea, wote wawili wangelala humo. Bi Siwema akauma midomo.

"Mtoto wa pili, huyu ni nani wako?"

Shomari alikuwa na miaka mitano, na kila siku alimwita bibi mke wangu, akimdai chai. Asubuhi alipokuwa akikariri jibu la getini walilofundishwa shule, bibi mwenyewe ndiye aliyemkatiza: "Achana na hayo, bwana wee. Mie si mkeo?"

Shomari akamtazama, akaona bado ameuma midomo. Akauachia mkono wa bibi, akasimama wima kama yuko darasani.

"Mtu mzima niliyesajiliwa naye," akasema.