Tamthilia ya Bibi wa Mzimuni

Kwenye pazia la sinema msichana aliteleza, tajiri akamdaka kiunoni, wakakodoleana macho, na ule wimbo ukaanza tena.

"Lo! Mara ya nne huyu anaanguka," akasema bibi kizee wa kiti cha mbele. "Hana miguu, au sakafu ya kwao imepakwa mafuta?"

Lamduan akauma meno. Kesho asubuhi mwanawe Wasan angechomoa kadi ya bahati nasibu ya kuingia jeshini: nyeusi, anarudi nyumbani, nyekundu, miaka miwili kambini. Ndiyo maana alikuwa amemkodi Mjomba Chamnong na pazia lake la sinema, amwoneshe Bibi wa mzimuni tamthilia ya mapenzi. Pazia lilielekezwa kwenye kijumba cha mzimu, penye soda nyekundu na mashada ya asmini. Bibi akifurahi, Wasan anapona. Akichukia, basi tena.

Na sasa huyu kizee, katokea wapi hata haijulikani, kajitandaza na shada lake shingoni, anafyonza soda kwa mrija na kuibeza tamthilia nzima.

Kusema kweli, upuuzi ulikuwa upuuzi. Tajiri kambusu msichana kwa nguvu, msichana kamzaba kofi, na kwa kofi hilo wakapendana. Mama mkwe kazimia mara mbili, na nywele hazikutikisika hata kidogo.

"Bibi, tafadhali, polepole," Lamduan akanong'ona. "Bibi wa mzimuni anasikia."

"Na asikie! Huyo mwimbaji naye, anaimba au kabanwa kidole mlangoni? Mwaka jana waliletwa wacheza ngoma hapa. Wale angalau walikuwa na viuno."

"Bibi, ni mwanangu huyu ninayemwombea!"

"Mwanao umemwombea kwa takataka hii?"

Hapo Lamduan akapandwa na hasira. Akavua kandambili, akainyanyua juu. "Toka! Kizee mdaku usiye na haya! Nani kakualika? Toka hapa!"

Kizee akautoa mrija mdomoni. "Nifukuzwe mimi?"

"Wewe! Nenda zako!"

Akainuka taratibu, akachukua soda yake, akaondoka kwa kupitia nyuma ya kijumba. Lamduan akapiga magoti, akakutanisha viganja. "Bibi wa mzimuni, msamehe yule mpumbavu. Si mtu wetu."

Asubuhi Wasan akatia mkono kwenye sanduku, akatoa kadi nyekundu.

Lamduan alikwenda mbio hadi mzimuni, analia kwa sauti. Chamnong alikuwa anakunja nyaya zake.

"Yule kizee ndiye kaniponza! Nawe ulikuwa hapo hapo, Mjomba, mbona hukumtoa mapema?"

"Kizee gani, mama?" Chamnong akauliza. "Viti vyote vilikuwa vitupu. Mimi nilikuona tu umeshika kandambili, unakifokea kiti."