Aliyekuwa Ukingoni

"Usinisogelee, mama! Hatua moja tu, najiachia!"

Mwanamume alikuwa upande wa nje wa uzio wa daraja, visigino kwenye zege, mikono imeng'ang'ania chuma nyuma yake. Chini, mbali sana, korongo la mji wa Pasadena lilikuwa bado limejaa ukungu wa asubuhi.

Geraldine Hotchkiss aliganda. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka hamsini alikuwa ameigiza mtawa, mwizi wa benki, jaji, mjane wa mchunga ng'ombe, na kwa misimu kumi na mmoja ya televisheni, Daktari Nora, tabibu wa magonjwa ya akili. Huu ulikuwa mwaka wa sita simu ya kazi haijalia.

"Maumivu ni mgeni," akasema kwa sauti ya Daktari Nora. "Hulala kwako, kisha huondoka."

"Acha hizo!" mwanamume akafoka. "Hayo ni ya televisheni, mama yangu alikuwa hakosi kipindi chako hata wiki moja. Nataka ya kwako mwenyewe!"

Ya kwake mwenyewe. Maisha yake yote kulikuwa na mtu wa kumwandikia maneno.

"Nakula supu ya kopo," akasema mwishowe. "Nakula nimesimama kwenye sinki, maana nikikaa mezani naona kiti cha pili kitupu. Nina sauti za watu ishirini kichwani, mwanangu, na sina hata mmoja wa kuongea naye."

Mwanamume akageuza uso. Alikuwa analia.

"Endelea."

"Sijui niendelee na nini! Jina lako nani?"

"Rudy."

"Rudy, twende tukanywe kahawa. Kuna mgahawa pale kona, viazi vyao vya kukaanga si mchezo. Nakuomba. Siwezi tena kula peke yangu."

"Leo tu?"

"Na kesho."

"Kesho utakuja kweli? Apa."

"Naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Na Jumapili je?"

"Na Jumapili, we mtu! Nipe mkono!"

Akampa. Geraldine akavuta kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo, wakaangukia njiani pamoja, wakakumbatiana wakilia kama wafiwa.

Polisi wawili wakafika. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa amewapigia simu. Mmoja akamfunika Geraldine blanketi na kumketisha garini. Mwenzake akamsimamisha Rudy kando.

"Una bahati, bwana. Huyu mama asingekuwa anapita hapa..."

"Hakuwa anapita, afande." Rudy akageukia gari alimoketi Geraldine. "Mimi ndiye niliyekuwa napita, nakimbia mazoezi yangu. Nilimkuta ameshavusha mguu mmoja. Sikupata neno la kumwambia, basi nikamtangulia kuuvuka uzio."